Barua ya wazi kwa vijana wa Tanga mnaosoma Dodoma

Wajukuu zangu,

Wiki iliyopita wanne kati yenu mlikuja nyumbani kwangu Area C, mkanieleza kwamba mnataka kuomba nafasi katika ziara za vijana baina ya Tanga na Eckernförde, na mkaniomba niwafundishe mdumange, ngoma ya kwetu Tanga, ili mkawachezee wenyeji wenu. Naliandika jibu langu wazi ili wenzenu wa Ng'hong'hona na Makole nao walisome, kwa sababu liko jambo ambalo kwa maoni yangu linatangulia ngoma.

Undugu wa miji hii miwili ulianza mwaka 1963, nchi yetu ikiwa bado inaitwa Tanganyika. Eckernförde ni mji mdogo wa bandari kaskazini mwa Ujerumani, kwenye bahari ya Baltiki. Wajerumani waliitawala Tanga hadi mwaka 1916, kwa hiyo undugu huo ulipoanza walikuwapo bado wazee wa Tanga waliowaona askari wa Kijerumani kwa macho yao. Historia hiyo isemeni bila hasira na bila haya, kwani mwenyeji wenu akiwa mtu makini ataiuliza, na asipoiuliza mtaanza ninyi.

Sasa niwaeleze lililonikuta. Nilipokuwa na umri kama wenu, kikundi chetu kiliwapokea vijana wageni kutoka ng'ambo. Tuliwachezea ngoma, tukawavisha khanga, tukawapikia wali wa nazi. Asubuhi moja, tukiwa nao ufukweni, ulisikika mshindo mzito kutoka baharini, na binti mmoja akauliza ni nini. Kiongozi wetu akajibu kwamba ni watu wanaopasua mawe. Sisi wengine tulijua ni baruti ya wavuvi, lakini hakuna aliyefungua kinywa. Jioni tukanunua samaki, na mama aliyewapara alituonyesha jinsi uti wa mgongo ulivyokatikakatika na nyama ilivyolegea. Ndio hao tuliowapakulia wageni. Miaka mingi imepita na bado naona haya, kwa sababu binti yule aliuliza kwa moyo safi, akarudi kwao na uongo wetu.

Huenda angekuwa na lake la kutueleza. Bahari yao nayo imeumia. Samaki wanayemwita Dorsch, aliyelisha vizazi vingi vya wavuvi wa huko, amepungua kiasi kwamba tangu mwaka 2022 Umoja wa Ulaya hauruhusu avuliwe kwa makusudi katika sehemu ya magharibi ya Baltiki, isipokuwa wachache wanaoingia wavuni pamoja na samaki wengine. Kijana wa Tanga aliyesikia mwamba ukipasuliwa kwa baruti na kijana wa Eckernförde ambaye babu yake aliiacha mashua wana mazungumzo ya kukesha usiku kucha, na hapo ndipo ningependa mfike.

Kwa hiyo, kabla hamjaandika ombi lolote, mkienda likizo shukeni Sahare na Kigombe mkiwa na daftari. Waulizeni wazee dema, ule mtego wa samaki, husukwaje na kwa miti gani, samaki gani walikuwa wakipatikana karibu na sasa hufuatwa mbali, na bamvua humaanisha nini kwa mvuvi wa ngalawa. Huko mnakotaka kwenda, kupwa na kujaa kwa maji hakuonekani kwa macho. Mtoto aliyekulia Baltiki atashangaa mkimwambia kwamba siku za bamvua maji ya Tanga hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na kwamba kuna akina mama wanaopanga siku yao kwa kufuata maji hayo. Ninyi nanyi mtashangaa kuona samaki wao wadogo mfano wa dagaa wakikaushwa kwa moshi hadi wanakuwa rangi ya dhahabu, kisha wakiliwa wazima, kichwa na mkia. Ni kazi ya Eckernförde, lakini ulimwengu unawajua kwa jina la mji wa Kiel, kwa sababu masanduku yao yalisafirishwa kupitia stesheni ya reli ya huko. Waulizeni wenyeji wenu wanalionaje jambo hilo.

Kuhusu watakaochaguliwa nasema kwa kifupi: awemo aliyewahi kuvua, na awemo mtoto wa mama anayekaanga samaki sokoni, hata kama Kiingereza chake ni cha kubabaisha. Orodha ikijaa watoto wa wakubwa, mimi jina langu liondoeni.

Wageni wakija kwetu kwa zamu yao, walazeni majumbani mwenu, wale mnachokula siku zote. Wakifika Dodoma wapelekeni Chamwino wakasikilize zeze la Wagogo na muheme, ngoma ya akina mama, ili wasidhani kwamba Tanzania yote ni pwani. Na wakiuliza swali gumu, mjibuni.

Mdumange nitawafundisha. Njooni Jumamosi baada ya alasiri, lakini kila mmoja aje na jina la mzee mmoja wa kwao aliyewahi kuvua, na maswali matatu atakayomuuliza. Tutaanza na maswali hayo.

Babu yenu,
Area C, Dodoma