Mwanangu, mtoto akishatoka usimwache mama yake

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako nimezipata na picha za kituo nimeziona, baba yako kazirusha kwenye grupu la familia na sa hivi ukoo mzima unajua umepangiwa leba. Hongera sana mama. Nimefurahi kweli, ila juzi kwenye simu ulikuwa unaongelea kuzalisha tu, mtoto aliyetanguliza makalio, kitovu shingoni, na bando likakata kabla sijakwambia nilichotaka, ndo maana nakuandikia.

Jambo lenyewe ni hili, mtoto akishatoka usimwache mama yake. Miaka yote niliyokaa leba, wengi waliotutia hofu hatukuwapata kwenye kusukuma, ilikuwa baadae, mtoto kashalia, bibi kashapiga kigelegele huko nje, nesi kageuka kuandika faili au kumpokea mwingine ambaye njia imeshafunguka. Kila jicho liko kwa mtoto, ana kilo ngapi, kafanana na nani. Mama kafunikwa khanga kaambiwa pumzika.

Kuna mmoja simsahau, uzazi wa tatu, kajifungua vizuri bila kuchanika, alikuwa anapiga stori na dada yake kabisa. Baadae kidogo akaanza kupiga miayo, akaomba maji, akanyamaza. Mwenzangu akasema kachoka muache alale. Nikamshika mkono una baridi na jasho, nikafunua khanga, chini yake godoro lote limelowa, damu ilikuwa inatiririka kwa nyuma wala huwezi kuiona ukiwa umesimama mlangoni. Yule tulimuwahi, alirudi kwao na mwanae. Lakini hivyo vitu vinne, miayo, kiu, ukimya na ubaridi wa mkono, viweke kichwani, manake mama anayetokwa damu mara nyingi hapigi kelele.

Sindano ya oksitosini yuniti 10 ndani ya dakika 1 baada ya mtoto kutoka najua chuoni mmefundishwa. Mimi nakwambia ya kituoni: ukifika muulize mwenye zamu dawa inakaa wapi na ufunguo wa friji anakaa nao nani usiku. Ile dawa inataka nyuzi 2 hadi 8, ikishinda juu ya meza kwenye joto kama la huko inapungua nguvu, utachoma sindano na mji wa mimba usijikaze na utabaki unashangaa. Halafu weka mkono tumboni mwenyewe, usiulize "mama unajisikiaje" ukaondoka. Chini ya kitovu utausikia mji, ukiwa umejikaza ni mgumu kama dafu, ukiwa laini unapotea mkononi, usugue hapohapo. Na umkojoze! Hili wengi wanalipita, kibofu kikijaa kinausukuma mji juu na haujikazi hata usugue vipi, msaidie akojoe kwanza. Saa 2 za mwanzo rudi kila robo saa, mji, damu, mapigo, presha. Mapigo yakipanda kupita 100 na presha bado nzuri usitulie, kwa mzazi presha inakuja kushuka mwishoni kabisa.

Na damu usiikadirie kwa macho mwanangu, sisi wote tunakadiria pungufu, hata wazoefu. Kuna ule mfuko wa plastiki wenye alama za mililita unaowekwa chini ya mama, kama kituo hakina muombeni mganga mfawidhi auagizie. Utafiti uliotoka 2023, ulifanyika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu, wakinamama zaidi ya 200,000, walitumia huo mfuko na damu ikizidi wanafanya yote kwa mpigo, kusugua mji, oksitosini, traneksamiki asidi (dawa ya kusaidia damu igande), dripu, kukagua inakotoka damu, yani hawafanyi moja wakasubiri waone. Hatari kubwa za kutokwa damu zilipungua kwa asilimia 60. Hiyo traneksamiki ni gramu 1 na inatakiwa iingie ndani ya saa 3 tangu mtoto atoke, ukichelewa haina msaada. Mkishindwa piga 115 ya m-mama, ule usafiri wa dharura wa wajawazito na wazazi, mapema gari lije, usingoje mpaka mama apoteze fahamu.

Sasa akiruhusiwa ndo watu wanadhani kazi imeisha. Hapa kwetu Tanga unajua mwenyewe, anaingia ndani mpaka arobaini, anakandwa, anapikiwa uji wa pilipili manga, na mimi sina ugomvi na hayo maana kupumzishwa na kulishwa ni kitu kizuri mno, ila maji ya kukandia yasiwe ya kuunguza, nimeona malengelenge ya kutisha. Ugomvi wangu ni pale anapoumwa kichwa, macho yanaona ukungu, halafu anadondoka na kutetemeka, wanasema kapandisha jini wanatafuta mtaalamu, kumbe ni kifafa cha mimba. Watu wanaona kimeitwa cha mimba basi kimeisha mtoto akizaliwa, hapana, kinaweza kumpata hata siku kadhaa baada ya kujifungua. Mwambie hivyo yeye na mama mkwe wake pamoja, kabla hawajatoka getini, na homa na uchafu wenye harufu mbaya uwatajie pia.

Halafu siku ya kliniki. Mtoto anapimwa uzito, anachomwa chanjo, kadi inajazwa, mama anaambiwa haya njoo mwezi ujao. Hakuna aliyempima presha wala kuangalia matiti wala mshono. Wewe muulize, na muulize pia kama analala mtoto akilala, kama analia bila sababu, kama kuna siku anamuona mtoto wake mzigo. Muulize akiwa peke yake, mbele ya mkwe hasemi.

Ripoti ya taifa ya 2015/16 ilisema vifo vya wajawazito na wazazi ni 556 kwa kila vizazi hai 100,000, ya 2022 ikasema 104. Naamini kuna manesi wengi tu nyuma ya hiyo namba waliokaa pembeni ya kitanda wakati wangeweza kwenda kunywa chai, nawe nataka uwe mmoja wao.

Lingine, usimfokee mzazi. Mimi siku ya kukuzaa wewe nilitukanwa na nesi mpaka nikaogopa kuomba maji, na nilikuwa nasikia kiu kweli. Ukichoka mwambie mwenzako akupokee, toka nje upunge hewa, ila usimwage uchovu wako kwa mtu aliyelala uchi mbele yako.

Nimekutumia kifurushi kwa basi la kesho asubuhi, kuna saa yenye mshale wa sekunde ya kuhesabia mapigo, simu ikizima chaji usiku utaihitaji, na viatu vya kufunika vidole na samli kidogo. Kakipokee stendi mwenyewe. Na wakikupanga zamu ya usiku peke yako na vitanda vimejaa niambie, nitakuelekeza namna ya kuongea na mfawidhi kuhusu hilo.

Mama yako