Dada, kabla hamjanunua baiskeli

Mbale, Uganda

Dada yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Mpe mama shikamoo yangu, na umwambie goti limepona. Tangu juma lililopita nasujudu vizuri, sikalii tena kiti. Nasra hajambo, meno mawili ya mbele yameng'oka, na Kigisu anakiongea kutushinda wote hapa nyumbani. Baba yake anawasalimu sana.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unataka kujua goti liliumia vipi hasa, maana niliwaeleza juu juu tu, halafu unauliza kama wewe na shemeji mnunue baiskeli za milimani muwe mnapanda nazo Lushoto siku za mapumziko. Nakujibu kwa urefu, kwa sababu angetokea mtu akaniandikia mimi haya miaka miwili iliyopita, goti lisingeumia.

Baiskeli zetu ni za mtumba, na kila moja tuliipata kwa mtu wake. Yangu breki ya mbele iko mkono wa kulia, kama wanavyoziweka Uingereza. Ya baba Nasra breki ya mbele iko kushoto. Miezi yote ile hatukuliona hilo, maana kila mtu anapanda yake na vidole vimeshazoea. Siku hiyo tulikuwa juu ya mji, upande wa Wanale, ule mlima unaouona ukiwa popote hapa Mbale, wenye ukuta wa mwamba na maji yanayoteremka kama nyuzi nyeupe mvua ikishanyesha. Cheni yangu ilikuwa inalia. Baba Nasra akasema tubadilishane aisikilize. Tukabadilishana, akatangulia.

Njia ya pale ni udongo mwekundu, huku migomba, huku mibuni. Nikafika mahali maji ya mvua yamechimba mfereji na kuikata njia. Nikabana kidole cha kushoto, ambacho kwangu mimi ni breki ya nyuma, ya kupunguza mwendo taratibu. Gurudumu la mbele likaganda palepale, nami nikapita juu ya usukani. Nilipofungua macho, gurudumu la nyuma lilikuwa bado linazunguka hewani, tik tik tik, na msichana wa rika la Nasra alikuwa ametua dumu lake ananimwagia maji gotini. Maji hayo kayatoa bondeni, kayapandisha kichwani, na hakuniuliza hata jina. Baba Nasra alikuwa chini kabisa, amekaa kivulini ananisubiri. Zilipita dakika kumi ndipo akashtuka akaanza kupanda kunitafuta.

La breki lilikwisha Jumatatu. Breki za baba Nasra ni za waya, fundi akazihamisha kwa muda mfupi tu, sasa baiskeli zote mbili zinafanana. Mkinunua mbili, kabla ya yote simameni muangalie breki ya mbele iko mkono gani, na ziwe sawa.

La kutangulia ndilo lililochukua muda, na ndilo ninalotaka wewe na shemeji mlisikilize kwa makini. Unamjua baba Nasra, ana miguu. Tukianza kilima, yeye anakwenda, anafika juu, anateremka, anakunywa maji, pumzi inamrudia. Mimi nafika baadaye, moyo uko kooni, naye akiniona tu ameshapanda: “Haya, twende.” Hesabu hiyo ipige mwenyewe. Mwenye nguvu anapumzika kila kilima, aliyechoka hapumziki hata kimoja. Tukirudi nyumbani mimi naingia chumbani kulala na simsemeshi mtu mpaka magharibi. Naye anashangaa kwa haki kabisa, “Lakini si nilikuwa nakusubiri kila mahali?” Ni kweli, alikuwa ananisubiri. Nilikuwa na hasira na mtu ambaye hajanikosea kitu ninachoweza kukitaja.

Aliyetufungua macho ni mzee jirani yetu. Ujanani alivusha watu kwa baiskeli pale Busia, kati ya Uganda na Kenya. Hizi bodaboda tunazopanda leo zilizaliwa huko, zikiwa baiskeli za kubeba watu na mizigo kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Alinikuta nafunga bendeji barazani, akauliza, nikamweleza yote. Akasema kwa Kiswahili chake cha mpakani: “Mama, nyinyi munaendesha vibaya. Ule wa nyuma ndio saa yenu. Weka yeye mbele.” Kisha akaongeza kwamba yeye na wenzake, wakiwa na mikungu ya matoke nyuma, kilima kikali walikuwa wanashuka na kusukuma, na hakuna aliyemcheka mwenzake.

Tangu siku hiyo mpando naongoza mimi. Baba Nasra yuko nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza akaona ninavyoendesha, kwamba nilikuwa naingia kilimani na gia nzito, halafu nahangaika kuibadilisha katikati huku nimekanyaga kwa nguvu zote. Mteremko anatangulia yeye, lakini kila njia panda na kila pabaya anasimama mpaka anione. Na tukisimama, wa kusema tuondoke ni mimi. Mumeo mwenye haraka atalalamika Jumamosi mbili. Ya tatu ataanza kuona ndege.

Jambo jingine, msifundishane. Mimi nilijifunza kwa kijana mmoja anayeongoza wageni kule Sipi, kwenye maporomoko, kwa saa mbili tu, tukamlipa. Alichosema yeye nilikipokea, na maneno yaleyale yakitoka kwa mume yangenikaa kama karipio. Alinionyesha kwamba mteremkoni hukai kitini. Unasimama juu ya pedeli, zote mbili ziwe usawa mmoja, magoti na viwiko vilegee, kiuno kirudi nyuma kidogo. Kidole kimoja kila breki, vingine vyote vishike usukani. Breki ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa, kwa hiyo unaikamua polepole, hunyakui. Macho yaangalie unakotaka kwenda, maana ukilikodolea jiwe utalifuata. Gia unashusha kabla kilima hakijaanza. Na tandiko lenyewe: kwa kupanda liwe juu, mguu ukaribie kunyooka pedeli ikiwa chini, kwa kushuka ulishushe lisikuzuie.

Shemeji aliuliza kama huu si mchezo wa watoto. Mwambie ulianza miaka ya 1970 huko California, kwenye Mlima Tamalpais, vijana wakiteremsha baiskeli kuukuu zenye breki ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Ule mteremko ulikuwa ukiichemsha grisi mpaka inafuka moshi, na wakifika chini lazima wafungue kitovu waijaze upya. Tangu Atlanta 1996 ni mchezo wa Olimpiki. Mwambie pia habari ya ile grisi ni somo: breki ukiibana bila kuachia kutoka juu hadi chini, inaungua. Bana, achia, bana, achia.

Sasa kununua. Sisi watu wa Tanga tunajidai kwa baiskeli, na haki tunayo, bibi zetu wamekwenda nazo sokoni na harusini. Lakini kutoka Ngamiani hadi Raskazoni hakuna kilima cha kukutoa jasho, na ile Phoenix ya baba isingefika hata nusu ya njia ya Wanale. Mnachohitaji ni fremu ya kukutosha wewe, siyo ya kumtosha shemeji wewe ukachukua iliyobaki. Hapo wanandoa wengi wanakosea, mume anachagua mbili za kipimo chake. Shokapu ya mbele peke yake inatosha kabisa. Ile ya nyuma ni fedha nyingi na matengenezo mengi kwa mtu anayeanza. Breki ziwe za diski, maana za mpira zikilowa matope haya hazishiki. Tairi za inchi 29 au 27.5, zote zinafaa, mradi ni pana na zina meno.

Upepo msiwaachie mafundi wa barabarani. Wao wamezoea baiskeli za mizigo, wanajaza mpaka tairi linakuwa kama jiwe, halafu kila kokoto inakurusha. Sisi tunatumia tyubu, naweka presha 28 hivi, baba Nasra 32 kwa sababu ni mzito. Na tyubu nyingi za baiskeli hizi zina valvu nyembamba, pampu ya kawaida haiishiki. Kuna kichwa kidogo cha shaba cha kuzungushia juu yake. Nunueni vitatu, maana vinapotea. Kofia ngumu ni lazima, mpya, isiwe iliyokwisha anguka na mtu. Yangu ina ufa upande wa kushoto tangu siku ile, nimeitundika ukutani na nimenunua nyingine.

Mavazi, hili nakwambia wewe. Kuna bukta zenye sifongo chini, zinavaliwa bila kitu ndani, la sivyo mshono utakuchuna. Juu yake mimi navaa suruali pana niliyoibana vifundoni kwa mpira, na gauni fupi la kufika magotini. Dira liache nyumbani, cheni italila. Mtandio uwe mwepesi wa pamba, uufunge nyuma bila fundo, kofia ikae juu yake bila kucheza.

Mahali pa kuanzia, usianze na mlima. Sisi kosa hilo tulilifanya. Baadaye tulikwenda Mabira, ule msitu unaopitiwa na barabara kuu ya Kampala na Jinja, kuna vijia ndani yake vya kuendesha taratibu kivulini, na ukitoka unakuta gonja na kuku wa kuchoma pale Najjembe. Tungeanza huko, nisingelia mara nyingi vile. Kwenu kule tafuteni kwanza njia za mashamba, tambarare, mwezi mzima. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari na nyinyi mnatoka usawa wa pwani, pumzi itawasumbua siku ya kwanza. Na ile barabara ya lami ya kutoka Mombo msiteremke nayo, mabasi hayana nafasi ya kuwakwepa.

Mvua zikianza, tulieni. Udongo wa huu Mlima Elgon wetu ukilowa unanata, unajaza magurudumu mpaka hayazunguki, na mlima wenyewe haukai. Machi 2010 uliporomoka kule Bududa ukafunika watu na nyumba zao, na hapa watu bado wanautaja mwaka huo kwa sauti ya chini. Sisi tunaendesha zaidi Desemba hadi Februari. Agosti ya mwaka wa shufwa nayo ina mambo yake, ndiyo imbalu, vijana wanakwenda jandoni kwa ngoma, na barabara inakuwa yao. Unashuka, unakaa pembeni, unawapisha.

Mwezi uliopita tulikwenda Sipi. Tulitoka mapema, baridi ya kuvaa sweta, wanafunzi wanatupita kilimani mbio na mikoba mgongoni. Joshua Cheptegei, bingwa wa Olimpiki wa mita 10,000 Paris 2024, ni mtoto wa hukohuko Kapchorwa, na ukiwaona wale watoto wanavyopanda unaelewa. Nilikuwa mbele. Nyuma yangu nasikia pumzi ya baba Nasra na ile cheni, haisemi tena. Tulipofika mkabala na maporomoko, lile refu la karibu mita 100, nikaweka mguu chini. Hakuna aliyesema twende. Tulikaa mpaka maji ya chupa yakaisha, akanimenyea ndizi mbivu, akanisimulia habari za marehemu baba yake ambazo kwa miaka kumi na moja ya ndoa sijawahi kuzisikia.

Kwa hiyo nunueni, dada. Lakini kabla hujatoa hata shilingi, wewe na shemeji simameni ukutani bila viatu, mgongo umegusa ukuta. Weka kitabu kigumu katikati ya mapaja, ukipandishe mpaka kibane, kisha mtu apime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Nitumie vipimo vyote viwili kabla ya Ijumaa. Kijana wetu wa mtumba anapokea mzigo mpya Jumamosi, na baba Nasra ameahidi kufika pale kabla hawajafungua.

Mdogo wako,
Mama Nasra