Thamani ya msitu isitajwe bila hesabu yake

Mhariri,

Ripoti inapotangaza kwamba misitu, mito na bahari za nchi zina thamani ya mabilioni kadhaa, wasomaji waonyeshwe jinsi kiasi hicho kilivyopatikana. Bila hivyo, hakuna anayeweza kukihoji.

Utaratibu upo. Machi 2021 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ilipitisha mfumo wa hesabu za ikolojia, yaani za misitu, mito, bahari na manufaa yake kwa watu. Hupimwa kwanza eneo kwa hekta, kisha hali yake, ndipo huduma zake: mita za ujazo za maji, tani za kaboni, kilo za samaki. Fedha huja mwisho, na sura zinazohusu fedha hazikupewa hadhi ya kiwango rasmi kama zile za vipimo. Wengi huanzia mwisho.

Hapo ndipo makosa huzaliwa. Kazi ya nyuki ya kuchavusha mimea tayari imo katika bei ya mavuno. Ukiiongeza juu ya thamani ya mavuno yote, umeihesabu mara mbili. Samaki wakiuzwa kwa milioni 100, na mishahara, mafuta na uchakavu wa vyombo vikala milioni 85, bahari imechangia 15, si 100. Mikoko nayo huthaminishwa kwa gharama ya ukuta wa kuzuia mawimbi. Hilo ni halali iwapo tu ukuta ungefanya kazi ileile, hakuna njia nyingine ya bei nafuu zaidi, na watu wangekubali kweli kuulipia.

Lakini linalopotosha kuliko yote ni kiwango cha punguzo, yaani asilimia inayotumika kushusha faida ya kesho iwe thamani ya leo. Milioni 1 itakayopatikana baada ya miaka 50 ni kama 228,000 leo kwa asilimia 3. Kwa asilimia 10 ni 8,500 tu. Msitu ni uleule, miti ni ileile! Ripoti isiyotaja kiwango chake haifai kunukuliwa, na inayotaja kimoja tu ingetakiwa kuonyesha angalau viwili.

Tunaomba pia gazeti lako, kila linapochapa thamani hizi, liweke jedwali la hekta kando yake. Bei ya mbao ikipanda, thamani ya msitu huweza kuongezeka mwaka uleule ambao msitu wenyewe umepungua.