Kabla ya Mazoezi, Tunapima: Huduma Yetu kwa Walioumia Uti wa Mgongo

Simu nyingi tunazopokea hapa kliniki kuhusu mgonjwa aliyeumia uti wa mgongo huanza na salamu ndefu, halafu swali linatoka: atatembea lini? Anayeuliza ni mke, kaka mkubwa au mama, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe yuko pembeni anasikiliza. Jibu letu huwaudhi wengine: mleteni kwanza tumpime. Hatukwepi swali. Bila vipimo, jibu lolote mtakalopewa, hata na aliyevaa koti jeupe, ni la kubahatisha.

Wanaotufikia kutoka Moshi mjini na vijiji vya mlimani wameumia kwa njia ambazo kila mtu hapa anazijua. Huyu kaanguka kutoka juu ya mparachichi, yule kateleza kwenye jukwaa la ujenzi, mwingine alikuwa abiria wa bodaboda. Wote wanakuja na bahasha ya eksirei. Tunaiangalia, lakini eksirei inaonyesha mfupa, na kinachotuhusu zaidi ni ugwe mgongo, ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya pingili na kupeleka amri za ubongo kwenye misuli. Pingili inaweza kuvunjika ugwe ukabaki salama, na ugwe unaweza kuumia vibaya huku eksirei ikionekana safi. Hata MRI, ile picha ya mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili, pamoja na gharama yake, itakuonyesha jeraha lilipo. Haitakwambia kama mgonjwa anaweza kunyoosha goti. Hilo linajulikana kwa mkono.

Tunafuata utaratibu wa kimataifa wa kupima walioumia ugwe, unaojulikana kwa kifupi kama ASIA. Misuli kumi inapimwa kila upande, mitano ya mkono na mitano ya mguu. Chukua ule wa kunyoosha goti. Mgonjwa analala chali, napitisha mkono wangu mmoja chini ya goti lake ili likunjike kidogo, vidole vya mkono wa pili naviweka juu ya paja, karibu na kifuu cha goti. Namwambia anyooshe. Kama hakuna kitu, anapata sifuri. Nikihisi msuli unajikaza chini ya vidole lakini mguu hausogei, ni moja. Mguu ukisogea pale tu tunapomlaza ubavu na kuubeba ili uzito wake usimlemee, ni mbili. Akiunyanyua mwenyewe, ni tatu. Nne na tano ni za yule anayeweza kushindana na mkono wangu. Misuli ishirini, alama tano kila mmoja, jumla mia moja.

Baada ya hapo inakuja pamba na pini. Mgonjwa anafumba macho, tunagusa sehemu 28 kila upande wa mwili kuanzia nyuma ya kichwa, naye anasema anachohisi: kimeguswa, kimechomwa, au hakuna. Sehemu ya mwisho ni kwenye njia ya haja kubwa, na hapa ndipo ndugu wengi hushtuka. Tunawaomba watoke, tunafunga pazia, anabaki mgonjwa na mtaalamu, na msaidizi wa jinsia yake akitaka. Neva za eneo hilo hutoka mwisho kabisa wa ugwe. Mgonjwa akihisi kidole au akiweza kubana, maana yake kuna njia za fahamu zilizonusurika kuvuka jeraha. Kuruka kipimo hiki kwa sababu ya aibu ni kumnyima mgonjwa habari muhimu kuliko zote.

Mwisho wa kazi hiyo anapata herufi. A ni pale ambapo hakuna hisia wala nguvu katika eneo hilo la mwisho. B, hisia zipo lakini nguvu hakuna. C na D, kuna nguvu chini ya jeraha; D ni pale ambapo angalau nusu ya misuli hiyo imefika alama tatu au zaidi. E ni aliyepimwa akakutwa sawa baada ya kuwa na upungufu. Mwaka 2011 watafiti wa Ulaya walionyesha kuwa mambo machache yaliyopimwa katika siku 15 za kwanza yanatabiri vizuri nani atatembea mwenyewe ndani ya nyumba mwaka mmoja baadaye: umri, nguvu ya kunyoosha goti, nguvu ya kukanyagia unyayo, na hisia za mguso katika maeneo mawili ya mguu. Hakuna mashine hapo. Ndiyo maana tunaiomba sana karatasi ya vipimo vya hospitali vya siku za mwanzo. Kumbukeni tu kwamba siku au wiki za kwanza ugwe huwa kwenye mshtuko na mwili unalegea kuliko hali yake halisi, kwa hiyo herufi ya kwanza inaweza kubadilika.

Sasa jambo linaloleta furaha na machozi kwa pamoja. Wiki kadhaa zikipita, mama ananipigia asubuhi: "Dokta, jana usiku mguu umepiga teke blanketi!" (Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, ila nimeacha kubishana.) Namuuliza: mama, alikusudia kupiga teke, au mguu ulijirukia wenyewe? Mara nyingi ulijirukia. Ugwe ulio chini ya jeraha bado uko hai na una vitendo vyake vya haraka visivyosubiri ubongo. Ukikosa breki kutoka juu, unakaza misuli na kurusha miguu. Hilo pia tunalipima: tunakunja na kunyoosha kiungo upesi na kuona msuli unapinga kiasi gani. Mguu unaoruka si ushahidi wa kupona. Ushahidi ni mguu kusogea anapoambiwa usogee, na kutulia anapoambiwa utulie.

Sehemu kubwa ya nguvu hurudi ndani ya miezi mitatu hadi sita ya kwanza, kisha kasi inapungua, ingawa wenye herufi C na D huendelea kupata nafuu hata baada ya mwaka. Alama ndizo zinazotuambia tufanye nini. Msuli wa alama mbili hatuupi uzito. Tunamlaza mgonjwa ubavu, mguu juu ya ubao laini uliopakwa poda, anausukuma mbele na nyuma, tena na tena, mpaka siku auinue. Aliyefika tatu tunamsimamisha kati ya vyuma viwili. Anayetembea tunampima mwendo kwenye korido yetu: mita 14 zimewekwa alama za plasta sakafuni, tunahesabu sekunde za mita kumi za katikati, maana mita mbili za mwanzo ni za kuchukua kasi na mbili za mwisho ni za kupunguza.

Tunaulizwa sana kuhusu mashine za kutembeza mgonjwa akiwa amening'inizwa kwenye mikanda. Jaribio lililochapishwa 2006, lenye wagonjwa 146 wa Marekani na Kanada, lililinganisha mazoezi ya namna hiyo na mazoezi ya kutembea sakafuni ya muda uleule. Matokeo hayakutofautiana. Msiuze shamba kwa ajili ya mashine.

Kwa walioumia shingo, naomba hili lisomwe mara mbili. Mgonjwa anayeweza kuinua kiganja juu lakini hawezi kufumba vidole ana bahati moja: akiinua kiganja, vidole hujikunja vyenyewe kwa sababu kano zake zimevutika. Kwa mshiko huo anaweza kushika kijiko, kikombe, hata simu. Ndugu wenye huruma huvinyoosha vidole kila siku huku kiganja kimeinuliwa, mpaka kano zinalegea na mshiko unapotea. Vidole vinyoosheni kiganja kikiwa kimeinamishwa chini, na kiganja kikiinuliwa acheni vidole vijikunje.

Kipimo kingine tunachotumia kinaangalia maisha ya kila siku, alama 0 hadi 100. Kula, kuoga na kuvaa vina alama 20. Kutoka kitandani, kiti cha magurudumu, kutembea na ngazi vina 40. Kupumua, mkojo na choo vina 40 nyingine. Mpangilio huo hauwapendezi wateja wanaotaka tushughulikie miguu tu, lakini mimi nauunga mkono. Anayejua kujitoa mkojo kwa mpira safi wa mkojo kila baada ya saa nne hadi sita, na kujinyanyua kwenye kiti mara kwa mara ili makalio yasipate vidonda, anarudi kazini. Mwenye kidonda cha mgandamizo analala miezi, na mazoezi yote yanasimama. Kuhusu kiti, msinunue kwa kukadiria kwa macho. Moshi tumebahatika kuwa na TATCOT pale hospitali ya KCMC, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu 1981. Kiti kikiwa kipana mno mtu anakaa upande, na uti unapinda.

Maonyo mawili ya nyumbani. Kukanda kwa maji ya moto miguu isiyo na hisia kunaunguza, na mgonjwa hatasema lolote kwa kuwa hasikii. Na kwa aliyeumia shingo au sehemu ya juu ya kifua, kichwa kikimuuma ghafla, uso ukawa mwekundu na jasho likamtoka, presha imepanda kwa hatari: mkalisheni wima, mlegezeeni nguo, angalieni kama mpira wa mkojo umejipinda au umeziba, na asipotulia mara moja mkimbizeni hospitali.

Zile video mnazotumiana WhatsApp ni za kweli. Mholanzi Gert-Jan Oskam, aliyepooza kwa ajali ya baiskeli, mwaka 2023 alionekana akitembea kwa vifaa vilivyopandikizwa vinavyounganisha ubongo na ugwe. Desemba 2024 Marekani iliruhusu kifaa kinachochochea ugwe kupitia ngozi ya shingo, kwa ajili ya mikono. Sisi hatuna vifaa hivyo. Ile mashine ndogo ya umeme mtakayoiona kwetu ni ya kutuliza maumivu. Atakayewaambia inafufua neva anawauzia maneno. Na hata huko kwenye vifaa vipya, mgonjwa hufanya mazoezi mengi.

Tathmini ya kwanza inachukua saa moja na nusu hivi, na mnaondoka na nakala ya karatasi yenye alama zote. Tunarudia kila mwezi. Alama zisipopanda kwa vipindi viwili mfululizo tunabadilisha mpango, au tunawaambia wazi kwamba fedha zenu sasa zitumike kwenye kiti kizuri na kupanua mlango wa choo. Mgonjwa asiyeweza kusafirishwa tunamfuata nyumbani.

Mkija, mgonjwa avae kaptura, mbebe karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali, na aje yule anayemgeuza usiku, maana tutamfundisha yeye kwanza. Mwenye homa au kidonda kilicho wazi aanzie hospitali.