Mjomba, upo mto unaogeuka na kurudi juu

Mjomba, shikamoo.

Ulisema maji hayapandi mlima, na kwamba mto ukirudi nyuma basi ni bahari inausukuma, kama mnavyoona delta ya Rufiji bamvua linapoingia hadi kwenye majaruba ya mpunga. Nakujibu hadharani kwa sababu wengi wanaamini hivyohivyo, na mto ninaotaka uujue unalisha mamilioni ya watu.

Uko Kambodia, unaitwa Tonlé Sap. Una urefu wa kilomita 120 hivi, kutoka ziwa lenye jina hilohilo hadi mji mkuu, Phnom Penh, unapokutana na mto mkubwa wa Mekong. Kiangazi unashuka kama mto wowote. Masika yao yakianza, Mekong inafura kwa maji ya nchi zote ilizopitia, mpaka kimo chake pale Phnom Penh kinazidi kile cha ziwa. Mteremko unageuka. Maji bado yanashuka, mjomba, hukukosea hapo, ila sasa kushuka ni kuelekea ziwani. Kuanzia Juni hivi hadi Oktoba hivi, mto mzima unakwenda kinyume.

Ziwa ambalo kiangazi lina kina cha mita moja tu na eneo la kilomita za mraba 2,500 hivi linaweza kufika 15,000. Msitu unaolizunguka unazama, yanabaki matawi ya juu. Hapo ndipo penye utajiri. Mayai na vifaranga vya samaki wa Mekong vinabebwa na mkondo huo wa kurudi, vinaingia kati ya miti, vinakula na kujificha humo. Mvua zikiisha mkondo unageuka tena, nao wanatoka wakiwa wamenona, wanakuta wavuvi wametega nyavu ndefu mtoni. Wale wadogo, waitwao riel, husagwa na kutiwa chumvi, wakachachuliwa wakawa prahok, kitoweo cha mwaka mzima. Mkondo ukishageuka kushuka, mwezi mpevu wa Novemba, nchi inasherehekea kwa mashindano ya mitumbwi. Hata kuta za Bayon, hekalu la kale la nchi hiyo, za miaka zaidi ya 800 iliyopita, zimechongwa samaki chini ya mitumbwi. Mimi sijui mkondo mwingine wa mto uliofanyiwa heshima ya namna hiyo, na naona unastahili.

Lakini mwaka 2019 ukame uliibana Mekong, Tonlé Sap ukachelewa sana kugeuka, na 2020 haukuwa bora. Mabwawa ya umeme ya China na Laos nayo huzuia maji wakati yanapohitajika. Machi 2020 serikali ya Kambodia ilitangaza kwamba kwa miaka kumi haitajenga bwawa jipya kwenye Mekong yenyewe. Nilifurahi sana. Kinachoniuma ni mchanga. Unachotwa kwa wingi kutoka sakafu ya Mekong kwa ajili ya ujenzi, sakafu hiyo inazama, kimo cha maji kinapungua, na msukumo wa kuyarudisha ziwani unapungua nao. Mvua Wakambodia hawawezi kuiamuru, wala mabwawa ya jirani. Machimbo ya mchanga yaliyo ndani ya nchi yao wanaweza kuyafunga, na ningependa wayafunge kabla ya masika yajayo.

Mpwao