Wapangaji wa maduka, ulizeni benki kabla ya kutoa gudwili

Mhariri, kila nikifungua kurasa za mnada naona jengo na maduka yake linauzwa juu lendilodi ameshindwa na loni, na tangazo linataja ploti, ukubwa, mpaka paking, lakini yule mama wa saluni na jamaa wa spea hawatajwi popote. Kwani wao ni ukuta?

Shida inaanza siku ya kuingia. Mtu anatoa gudwili, ile pesa ya kuingia dukani, ya laki kadhaa, anaweka tailizi na shelfu, anaandikiwa lisi (mkataba wa kupanga) ya miaka 5 na miezi 3 na hata sachi ya rekodi za ardhi hafanyi ajue kama hati iko na chaji ya benki, yaani ploti imewekwa dhamana ya loni. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema mwenye ploti yenye chaji asipangishe zaidi ya mwaka 1 kabla benki ikubali kwa maandishi. Na mnada ukipita, kifungu 98 kinampa mnunuzi mali safi, mizigo iliyo nyuma ya ile chaji, yaani haki za wengine zinazofuata ile ya benki, yote inaanguka, isipokuwa lisi ambayo benki ilikubali kwa maandishi. Sasa wewe uko na lisi yenye mhuri wa wakili na barua ya benki huna, utaonyesha nini?

Mwenye hana karatasi ama lisi yake haipiti miaka 5 angalau yuko na Sura 301, sheria ya kulinda wapangaji wa maduka na hoteli, hatolewi bila notisi rasmi ya miezi 2 na anaweza kwenda tribunal ya kodi za nyumba za biashara, baraza la kesi za mpangaji na lendilodi, ingawa mnunuzi wa mnada naye huja na wakili wake wa kubisha.

Kitu kinaniudhi zaidi ni notisi. Lendilodi anapewa miezi 3 alipe deni, akishindwa inakuja notisi ya kuuza ya siku zisizopungua 40, na kifungu 96 cha Sheria ya Ardhi kinataka nakala ipewe wapangaji pia na ibandikwe mahali inaonekana. Wengi tunajua dalali akiwa mlangoni!

Na benki ikiweka risiva, mtu wake wa kukusanya kodi ya maduka, muulize barua ya uteuzi halafu lipa yeye, usiendelee kumtumia lendilodi kwa simu ati ni rafiki, utadaiwa mara mbili.

Ombi langu kwenu wa gazeti, mkiletewa tangazo la mnada wa jengo la biashara muwaulize madalali waseme ndani kuna wapangaji ama hakuna, na kama walipewa nakala.

Mwenye duka, Nakuru