Uwanja ule si "ardhi isiyotumika"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na waheshimiwa madiwani wetu kabla hawajakaa kikao chao cha mwisho wa mwezi.

Mimi ni fundi mwashi. Kazi hii nimeifanya miaka 31, na mtaa ninaoishi nimeujenga kwa mikono yangu. Nyumba 11 katika safu yetu, msingi wake ama niliuchimba ama niliusimamia. Nilipohamia, hapa palikuwa pembezoni kabisa. Ukitoka nje usiku unasikia vyura tu. Sasa pembezoni pamesogea kule ng'ambo ya bonde, na sisi tumekuwa katikati bila kuhama.

Wiki iliyopita kijana ninayemfundisha kazi alikwenda ofisi za halmashauri kufuatilia kibali cha ujenzi cha mteja wetu. Akaona karatasi kwenye ubao wa matangazo, akaipiga picha kwa simu na kunitumia. Inasema halmashauri inakusudia kubadilisha matumizi ya uwanja wa wazi ulio juu ya mtaa wetu, upimwe viwanja 18 vya makazi na biashara, na mwenye pingamizi alilete kwa maandishi ndani ya siku 14. Siku 9 zilikuwa zimeshapita. Ndani ya karatasi hiyo uwanja umeitwa "ardhi isiyotumika".

Maneno hayo mawili yameninyima usingizi. Naomba nieleze uwanja ule unatumika vipi, kwa sababu naamini walioandika hawajawahi kuuona wakati wa mvua.

Ardhi pale imebonyea katikati kama sinia. Mitaa mitatu ya juu inamwaga maji yake pale kwa mitaro miwili. Upande wa chini kuna barabara iliyoinuliwa kwa kifusi, na chini ya barabara kuna kalavati moja la bomba la sentimita 60. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanaingia kwa kasi, yanakuta nafasi, yanatandaa na kutulia. Kisha yanatoka kidogo kidogo kwenye lile bomba, yanapita mtaroni mbele ya mageti yetu na kwenda zake. Asubuhi yake utakuta magoli yamesimama ndani ya maji. Siku ya nne watoto wanacheza mpira, wamejaa tope mpaka magotini. Huo ndio utumikaji wenyewe, na unafanyika kila msimu bila mlinzi, bila mafuta, bila kusaini popote.

Jumapili baada ya kuona tangazo nilimchukua kijana wangu tukaenda uwanjani na futi ya mkanda na mpira wa usawa. Kwa asiyeujua, mpira wa usawa ni ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga. Unaujaza maji, mmoja anashika ncha hii na mwenzake ncha ile, na maji hayadanganyi: popote yanapotulia pande zote mbili, hapo pana kimo kimoja. Kwa mpira huo nimesawazisha jamvi za nyumba nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Kwenye mwimo wa goli la kusini kuna mstari wa tope la msimu uliopita, umekauka na kuwa mweupe. Tuliweka ncha moja kwenye mstari huo, tukaanza kuuhamisha usawa nguzo kwa nguzo, tukavuka barabara, mpaka tukafika kwenye nyumba ya kwanza upande wa chini. Mama mwenye nyumba alitoka kutuuliza tunapima nini. Nikamwonyesha alama niliyoiweka kwa chaki kwenye fremu ya mlango wake: sentimita 52 juu ya kizingiti. Maana yake, msimu uliopita maji yalipokuwa yametulia uwanjani, yeye alikuwa amelala chini ya usawa wa maji hayo, tena na wajukuu wawili. Kilichomkinga ni tuta la barabara, na ule uwazi uliokuwa nyuma ya tuta. Aliitazama ile chaki muda mrefu. Akaniuliza, "Na wakijaza kule?"

Swali lake ndilo nawaulizeni, waheshimiwa. Hakuna atakayejenga kwenye sinia bila kulijaza kifusi kwanza. Mimi mwenyewe nikipewa kazi pale nitajaza. Na kila lori la kifusi linachukua nafasi ya maji yaleyale yaliyokuwa yakilala pale. Tulipima uwanja: mita 140 kwa 90. Mstari wa tope unaonyesha katikati maji yalifika sentimita 45, pembeni yakawa ya kifundoni, kwa hiyo tuseme wastani ni sentimita 30. Zidisha, utapata lita 3,780,000. Hayo ni maboza 378 ya lita 10,000 kila moja. Uwanja ukijazwa, maboza hayo yataegeshwa wapi?

Halafu ongeza paa. Mvua ya milimita moja ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Hesabu hii haibadiliki nchi yoyote. Nyumba yenye paa la mita 150 za mraba, ikinyesha milimita 40, inamwaga lita 6,000. Nyumba 18 ni lita 108,000, kabla hujagusa pevingi za uani na lami ya barabara za ndani. Udongo wenye nyasi unakunywa sehemu ya mvua na kuichelewesha sehemu nyingine. Bati na zege havinywi kitu. Tutakuwa tumeondoa mahali pa kuweka maji, na papo hapo tumeongeza maji ya kuweka.

Hapa lazima niseme kuhusu sisi mafundi. Nimesakafia nyua nyingi ukuta kwa ukuta kwa sababu mteja hakutaka kuona tope, nikaelekeza bomba la mvua barabarani kwa sababu ndiko karibu. Hakuna aliyetukataza, na vibali tulivyopewa havikuuliza maji yataelekea wapi. Siku hizi namwambia kila mteja aache walau ukanda wa udongo kando ya ukuta, achimbe na shimo la kokoto la kupokea maji ya paa. Wengine wanakubali, wengine wanaona nawaongezea gharama. Fomu ya kibali ingekuwa na mstari mmoja tu unaouliza jambo hilo, wangekubali wote.

Mpwa wangu anayesomea uhandisi alinieleza habari ya Houston, kule Texas, Marekani, nami sijaacha kuifikiria. Mji ule ulipigwa na mafuriko makubwa mwaka 1929 na tena 1935. Katika miaka ya 1940 wahandisi wa jeshi wakajenga mabwawa mawili upande wa magharibi, Addicks na Barker, wakati huo kukiwa malisho na mashamba. Hayo si mabwawa ya kuweka maji mwaka mzima. Yanakaa makavu, mvua kubwa ikija yanapokea, kisha yanaachia taratibu. Yaani ni uwanja wetu, ila wenye ukubwa wa kutisha. Serikali ilinunua sehemu tu ya ardhi ambayo maji yangeweza kuifunika. Iliyobaki ikaachwa mikononi mwa watu binafsi. Mji ukatanuka. Ardhi ile ilikuwa kavu mwaka baada ya mwaka, ikapimwa, ikajengwa mitaa mizima. Agosti 2017 ikaja mvua ya kimbunga Harvey, mabwawa yakafanya kazi yaliyojengewa, na maji yakaingia katika maelfu ya nyumba zilizokuwa ndani ya eneo la bwawa. Wengi wa waliokaa humo walisema hawakuwahi kuambiwa kwamba wanaishi bwawani.

Sisi hapa hatuna mabwawa kama yale wala wahandisi wa jeshi. Lakini hao wanunuzi 18 watakaopewa hati safi zenye muhuri, nani atawaambia walichonunua? Nawaonea huruma na wao. Watakuwa watu wenye akiba ya miaka mingi, kama nilivyokuwa mimi.

Na kuna mji uliotazama maji kwa jicho jingine. Curitiba, nchini Brazili, katika miaka ya 1970 meya wake alikuwa msanifu majengo, Jaime Lerner. Mto Barigui ulikuwa ukifurika. Badala ya kuusukuma mto wote kwenye mifereji ya zege, ardhi ya kando yake ikageuzwa bustani kubwa ya umma yenye ziwa, ikafunguliwa 1972. Mvua ikizidi, ziwa linapokea. Jua likiwaka, watu wanatembea na watoto wao. Kwetu nusu ya kazi hiyo imeshafanywa na umbo la ardhi. Kinachohitajika ni kuzibua kalavati, kuimarisha kingo za mitaro ile miwili, na kupanda miti pembezoni.

Sijasahau kwa nini halmashauri inataka kuuza. Mji umekua kuliko mfuko wake. Madarasa yamejaa, taka zinakaa wiki mbili bila kuzolewa, barabara ya juu ina mashimo ya kutosha kuzamisha pikipiki. Viwanja 18 ni fedha ya haraka, na diwani anayerudi kwa wananchi mikono mitupu anazomewa. Hilo nalielewa. Ila kiwanja kinauzwa mara moja, na fedha yake inaliwa na bajeti ya mwaka mmoja. Kalavati litakalozidiwa litakarabatiwa kila mwaka. Barabara ikikatika ni halmashauri hiyohiyo itakayokodi greda. Kama ni viwanja, kando ya barabara kuu kuna nyumba za chini tu, zisizo na ghorofa, zilizokwishafikiwa na maji na umeme. Ruhusuni ghorofa mbili tatu pale na mkusanye kodi ya majengo ipasavyo. Watu watapata pa kukaa, na sinia litabaki sinia.

Kuhusu tangazo lenyewe, nitasema kwa kifupi. Ubao uko ndani ya geti, na kwenye picha niliyotumiwa karatasi yetu imefunikwa nusu na tangazo la zabuni ya viti. Mkitaka tuchanjwe, gari la kipaza sauti linapita mitaani asubuhi na jioni. Hata mara moja halikupita kwa ajili ya uwanja huu. Mama wa nyumba ya kwanza, ambaye jambo hili linamhusu kuliko mtu yeyote mjini, alilijua kwa sababu alitukuta mlangoni kwake na mpira wa maji.

Ninachoomba ni hiki. Siku 14 zianze upya, na tangazo libandikwe uwanjani penyewe, kwenye mwimo wa goli, na lisomwe kwenye mkutano wa mtaa. Kabla ya kura, mhandisi wa halmashauri aandike kwa sahihi yake ni maji kiasi gani yanalala pale, na yatalala wapi baada ya kifusi. Akisema hesabu zangu zimekosea, nitazipokea zake, kwa sharti azisome hadharani. Na neno "isiyotumika" lifutwe kwenye hati; mahali pake iandikwe "eneo la kupokea maji ya mvua", ili hata baraza lijalo, ambalo halitatukumbuka sisi, lijue linataka kuuza nini.

Pingamizi langu nimeliwasilisha dirishani juzi, nakala imepigwa muhuri. Majirani 46 wameweka sahihi.

Chaki ile bado ipo kwenye fremu ya mlango. Mama amekataa isifutwe. Nawaalika madiwani wote, na mheshimiwa wetu kwanza, waje waione Jumamosi hii saa 1 asubuhi kabla ya jua kali. Nitakuwa pale barabarani juu ya kalavati, mimi na kijana wangu, na mpira tutakuwa tumeshaujaza maji. Atakayekuja atashika ncha moja.

Fundi mwashi,
mkazi wa safu ya kwanza chini ya uwanja
(Jina na anwani nimemwachia mhariri.)